Siku ya Kiganja

Mize alizisikia nyayo za mama yake akiwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, na wala hakushtuka. Alishazizoea. Tangu katikati ya msimu wa upepo wa kusi, kila maji yalipokuwa ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita kiasi, Bi Kazija alikuwa akija kutembea ndani ya mkono wake wa kushoto, taratibu, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja: kishindo cha mguu mzima, kitobo cha mkongojo, kisha ule mguu mbovu unaokokotwa. Kishindo, kitobo, mkokoto. Na Bi Kazija alikuwa kaburini. Alizikwa kabla ya kusi kuanza, na Mize mwenyewe ndiye aliyeikosha maiti yake.

Mtu wa mbali akiambiwa hivi atasema mwanamke huyu kapagawa, aitiwe shehe amsomee. Asubiri kwanza. Chini ya ngozi ya mkono ule kulikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, na kazi ya uzi ule ilikuwa kusikiliza kombe, wale wa baharini wenye maganda mawili wanaojizika mchangani. Kila kombe mkubwa wa kitalu kiitwacho Mzazi alikuwa amebandikwa punje mgongoni, ndogo kama ya mtama. Kombe akifumbua kinywa anywe maji, punje ilijua. Akifumba kwa kuogopa mguu wa mtu, punje ilijua pia. Punje ziliupasha habari mnara uliosimama pwani, mnara ukaupasha uzi, na Mize akakisikia kitalu kizima kikimpapatika mkononi, kama mtu aliyebeba kuku akausikia moyo wake. Mtu akipita juu ya kombe, wao hufumba mmoja baada ya mwengine njia yake nzima. Mwenye mkono uliozoea humjua kwa mwendo wake, kama wewe unavyomjua mwenzako kwa kikohozi.

Na usiniulize kwa nini jambo kubwa kama hili liwekwe kwenye mkono wa mwanamke anayekuna nazi. Vioo vya kusomea habari walikuwa navyo. Miaka ile samaki walipoyakimbia maji ya moto, vioo vya Bohari ya Ukanda, ile inayogawa chakula, viliwaambia watu wa Ghuba ya Kingoje kuwa samaki wapo, tele, vueni tu, na watu wakavua mpaka nyavu zikaja na mchanga. Njaa waliyoiona baada ya hapo hawapendi kuizungumza. Ikaisha njaa, wanawake wa ghuba wakakataa kuambiwa tena na kioo. Kioo husema anachotaka mwenye kioo, walisema. Tupeni mtu, tunayemjua kwao, tutakayeweza kumshika mkono. Ndipo ukatengenezwa uzi, Mize akawa Msikizi, na ikaanza Siku ya Kiganja. Kila mwaka kusi likishakata, kabla vitalu vidogo vya vijiji havijafunguliwa, wanawake hujipanga pwani na kila mmoja hukishika kiganja cha Msikizi. Akiusikia ule mpapatiko husema, "Wamo," akaenda zake kuchokoa kombe wa kijijini kwake kwa amani.

Maana Mzazi akiwa hai, mbegu zake huchukuliwa na mkondo zikaenda kukaa kwenye vitalu vidogo, na kinachochokolewa leo mwakani kimerudi. Uji wa skuli, kutoka Kingoje mpaka ndani huko bara, ulitiwa unga wa kombe wa vitalu hivyo. Mzazi mwenyewe haguswi wala hakanyagwi. Mguu mmoja tu ndio ulioruhusiwa kupita juu yake, wa mlinzi, na mlinzi alikuwa Bi Kazija. Alipokufa, desturi ilitaka mlinzi mpya ateuliwe Siku ya Kiganja. Mpaka hapo hakuna mtu wa kuvuka mkondo kwenda kumtazama Mzazi, hata Msikizi.

Kwa hiyo nyayo zilipoanza, Mize alizinyamazia. Alidhani ni rehema. Kuna watu huota wazazi wao. Yeye alipewa mama akiwa macho, mchana, anapepeta mchele. Alimwambia mtu mmoja tu, Raya, fundi wa mnara. Raya hakuwa mtu kando. Mamake alikufa uzazini, na Bi Kazija akakichukua kile kichanga akakiweka ziwa moja, Mize ziwa la pili. Wamekua wakigombania kitanda kimoja na kanga moja.

"Namsikia mama, wallahi," Mize alimwambia siku hiyo. "Anapita na mkongojo wake."

Raya alimshika bega. "Usiwaambie watu, dada. Huyo ni wako peke yako. Mungu kakupa."

Basi leo, Siku ya Kiganja ikiwa kesho, Mize alikuwa anakuna nazi na mama yake anatembea. Kishindo, kitobo, mkokoto. Kishindo, kitobo. Halafu pakawa na mparaganyo. Kombe walifumba kwa wingi, ghafla, duara zima, kama walioangukiwa na mzigo mzito.

Mize aliacha kukuna. Mparaganyo ule aliujua. Ulikuwa wa mwaka jana, siku mkongojo ulipozama kwenye tope na mama akaanguka ubavu juu ya Mzazi. Siku ile Mize aliusikia akiwa nyumbani, akatupa kila kitu, akavuka mkondo maji yakiwa kifuani ili akamwinue. Walicheka njia nzima kurudi, mama akiulaani mkongojo kama mtu mwenye akili zake.

Alisubiri, pumzi ameizuia. Na zikaja, kutoka upande wa mkondo, nyayo nyengine: nyepesi, pana, za mtu anayekimbia kwa khofu, kidole gumba cha mguu wa kulia kikichimba mchanga kuliko vyengine. Mtu haijui sauti yake, lakini mwendo wake anaujua. Zilikuwa nyayo zake yeye.

Wafu wanaweza kutembea. Kuna wazee watakuapia hivyo. Lakini yeye Mize hakufa, na miguu yake ilikuwa hapa hapa, imekunjwa juu ya mbuzi, ina unga wa nazi vidoleni. Aliitazama. Haikusogea. Na mkononi ilikuwa inakimbia.

* * *

Alitoka na mkono una tui. Njiani, kwenye kona ya kisima, alikutana na Bi Hadia wa Kidundo, mkubwa wa wachokoaji kombe wa kijiji kile, mwanamke mwenye ulimi wa kukatia kuni.

"We Msikizi! Wapi na mkono unaotiririka tui? Mume huna, wamkimbiza nani?"

"Nakwenda kunawa, Bi Hadia."

"Bahari nzima kwa mkono mmoja! Haya. Lakini kesho usiupake mafuta. Mwaka jana ulituteleza kama kambare." Kisha akaacha mzaha, akasogea. "Sikiliza, mwanangu. Kesho ukiwa nao mkononi, mimi kitalu cha Kidundo nakifungua chote. Tumejizuia vya kutosha. Wajukuu zangu wanakunywa uji mweupe, usio na kombe, mpaka wanaona haya kunitazama. Wachokoe, wale, Mzazi atarudisha. Au sivyo?"

Mize alisema, "Inshallah," akashika njia ya pwani.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali, bamvua kubwa, mkondo umebaki kiunoni. Kwenye miti ya mpaka, ile mikandaa iliyosimikwa kumzunguka Mzazi, alisimama. Tangu azaliwe hajapita pale ila siku ile moja ya kumwinua mama. Ukimwambia mtu wa Kingoje aibe kuku wa jirani, huenda akaiba. Ukimwambia amkanyage Mzazi bila ruhusa, atakutapikia. Na ndiyo heshima hiyo hiyo iliyowafanya watu wa ghuba nzima wakae kusi zima wakiyatazama maji yaliyomfunika Mzazi bila hata mmoja kwenda kuchungulia. Walichelea kumsumbua.

Alisema bismillahi, akaingia.

Mchanga ulikuwa laini, safi, umelala vizuri. Alikanyaga kwa nguvu. Kwenye mkono, hakuna kombe aliyefumba. Akakanyaga tena, akarukaruka kama mtoto anayedeka, akapiga kofi mchangani. Mkononi kombe walikuwa wametulia, wanakunywa maji yao kwa raha, wamenona, wengi mpaka hawahesabiki. Alipiga magoti akazamisha vidole, kisha kiganja, kisha mkono mzima mpaka bega. Mchanga. Akachimba pengine. Mchanga, na maganda yaliyovunjika, na kipande cha jino la chuma, refu kama kidole, la mashine ya kuchimbia. Mkono wa kulia ulikuwa umezama ndani ya kitalu kitupu, wa kushoto unampapatika kwa uhai wa maelfu.

Mize alikaa pale pale, maji yakimzunguka. Alilia, kwa sauti, kama alivyolia msibani, na katikati ya kilio akaona kuwa hata hakijui anacholilia, Mzazi au mama. Kisha hasira ilikuja ikakausha machozi. Mnara una fundi mmoja tu.

* * *

Kituo kilikuwa chumba kimoja chini ya mnara, na Raya alikuwa ndani, anakunywa chai na mkate wa kumimina. Alimwona dada yake mlangoni, kanga imelowa mpaka kifuani, na jino la chuma mkononi. Akaweka kikombe chini.

"Umevuka," alisema.

"Nimevuka."

"Keti basi, Mize. Utapata homa."

"Sikuja kuketi. Wako wapi?"

Raya hakujaribu hata kukana, na hilo lilimuuma Mize zaidi. Mtu akikana bado anakuonea haya.

"Walichimbwa kusi lilipokuwa kali, hakuna mtu pwani," Raya alisema. "Bohari ilileta mashine usiku mmoja tu. Vitalu vya mazao huko bara vilikuwa vimekufa kwa joto, dada. Vyote. Skuli zilifungwa kwa sababu watoto wanaanguka darasani. Mimi nilipelekwa nikawaona. Niliona mtoto anaramba ubao wa meza palipomwagika uji jana yake. Nikaulizwa, kuna akiba wapi? Mimi ndiye fundi, mimi ndiye ninayejua. Ungesemaje wewe?"

"Walisagwa?"

"Walisagwa. Watoto wakala. Wapo hai leo."

Mize alishika kizingiti. Kitu kilikuwa kinamjia, na alitamani kisifike. "Raya. Yale magunia ya unga Bohari waliyoleta kwenye arubaini ya mama. Yale uliyokuja nayo wewe, ukayashusha kwa mkono wako, tukawapikia watu uji."

Raya aliinamisha kichwa.

"Tulimla Mzazi," Mize alisema. "Kwenye khitma ya mlinzi wake. Na wewe ulikuwa unapakua."

"Nilijua nitakapokwambia..."

"Hukuniambia! Mkulima hata akifa njaa hufa na mbegu zake ziko darini. Mama alitwambia hivyo mara ngapi? Ukila mbegu utavuna nini?"

"Darini!" Raya naye alisimama, sauti imepanda. "Ni rahisi kusema darini ukiwa si wewe uliyemwona yule mtoto. Nyinyi mngekataa. Bi Hadia angelala mbele ya mashine."

"Pengine angelala. Pengine pia angetoa nusu, tukabaki na nusu ya kuzaa. Pengine angewapikia hao watoto kwa mkono wake, unamjua alivyo. Hukutuuliza, Raya. Umetufanya sisi wachoyo kabla hatujaulizwa."

Mnara juu yao ulinguruma kidogo kwa upepo. Raya alikuwa wa kwanza kushusha sauti. Alieleza kama fundi anavyoeleza, kwa utulivu, akipanga maneno. Mnara huweka kila kinachopita ndani yake. Kabla Mzazi hajachimbwa, yeye aliuondoa mnara kwenye punje akaurudisha kwenye rekodi ya mwaka uliopita, ikaanza kujirudia, bamvua kwa bamvua, ili mkono usinyamaze. Bohari imeahidi mbegu mpya kutoka kwenye maji baridi ya kusini. Zikifika atazimwaga usiku, Mzazi atarudi, na hakuna atakayejua kuwa aliondoka.

"Kesho toa kiganja tu," alisema. "Sikuombi useme uongo. Hutosema neno. Wao watashika, watasikia, watasema wenyewe."

"Na watafungua vitalu vidogo, wachokoe mpaka wachoke, wakiamini Mzazi atarudisha."

"Na ukisema hawamo, unadhani watakaa? Watavivamia vitalu hivyo kama nzige, kila mmoja anachota chake kabla ya mwenziwe. Kitakwisha kila kitu kwa siku tatu. Angalau wakiwa na amani watachokoa polepole, na mimi nitapata muda. Fikiri, Mize. Fikiri kwa kichwa, usifikiri kwa kanga iliyolowa."

Na hapo, niseme kweli, Mize alifikiri. Maana Raya hakuwa anasema upuuzi. Aliwaona wanawake wa Kingoje kwa macho ya moyo wake, wale wale aliowapenda, wanasukumana na majembe. Alifikiri mpaka akafika kwenye jambo moja, akasimama hapo.

"Mnara una rekodi za miaka mingi," alisema. "Kwa nini ile? Kwa nini yenye mama?"

Raya aliigeukia meza. Kikombe cha chai kilikuwa kimefanya utando.

"Ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote," alisema. "Kombe walikuwa wengi."

"Raya."

"Haina kelele nyingi, haina..."

"Raya, tumenyonya pamoja. Nitazame."

Alimtazama. Na kwa sababu walinyonya pamoja kweli, uongo ulimshinda.

"Nilijua ukimsikia mama, hutouliza," alisema.

Kikulacho ki nguoni mwako; hilo kila mtoto analijua. Lakini kuna wenye kukula wakakuacha na ngozi, na kuna wenye kukula wakajua wapi panapouma zaidi, kwa kuwa mlilala kitanda kimoja. Mize hakupiga kelele wala hakutupa kitu. Aliliweka lile jino la chuma mezani, kando ya mkate wa kumimina, akageuka. Mlangoni alisema neno moja tu bila kutazama nyuma.

"'Mungu kakupa,' uliniambia."

* * *

Asubuhi yake Mize alishuka pwani kabla ya watu. Juu ya kiwiko chake, chini ya ngozi, palikuwa na kifundo cha uzi, kidogo kama kunde. Ukikibana kwa muda mpaka kipate joto, uzi hufa, na ukifa umekufa. Hauamki mpaka ung'olewe utiwe mwengine, na huo mwengine hautiwi mpaka mnara ukaguliwe, usikie kilichopo tu. Alijua hivyo siku zote. Hakuwahi kufikiri kuwa siku itafika atamani asijue.

Alikaa juu ya ngalawa kuukuu iliyopinduliwa, akanyoosha mkono pajani, akasubiri. Maji yalipoanza kukupwa Bi Kazija alikuja. Kishindo, kitobo, mkokoto. Alikuja kwa mwendo wake wa asubuhi, ule wa kabla ya jua kumchosha, akisimama hapa na pale. Mize alijua hata kwa nini anasimama: mama alikuwa na tabia ya kuinama akawasemesha kombe, akiwauliza wamelalaje.

"Nisamehe, mama," Mize alimwambia. "Wamekutumia. Na mimi nilifurahi."

Angeweza kusubiri mpaka afike mwisho wa kitalu. Alijiambia atasubiri. Kisha akaona kuwa akisubiri mwisho, atasubiri na kurudi, na akirudi atamsubiri kesho. Akakibana kifundo mama akiwa katikati ya njia. Kikapata joto. Kishindo, kitobo, na mkokoto haukuja.

Mkono ulikuwa mkono tu, na mzito.

* * *

Jua lilipopanda walikuwa wameshajipanga, wanawake wa Kingoje, wa Kidundo na wa Mkiwani, kila mmoja na beseni lake kichwani na chuma cha kuchokolea ndani yake. Kulikuwa na vigelegele na kanga mpya. Bi Hadia alikuwa mbele, kama kawaida yake. Asingekubali hata malaika amtangulie. Raya alisimama mbali, chini ya mnara, mikono ameifumbata.

"Lete, mwanangu, lete," Bi Hadia alisema, akakishika kiganja kwa mikono yake miwili. Akafumba macho, asikie vizuri. Vigelegele vilipungua. Alihamisha vidole kidogo, akavihamisha tena, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa.

"Mbona kimya?"

Mize alikuwa amejiandalia maneno mengi. Yalimruka yote likabaki moja.

"Hawamo."

"Unasemaje?"

"Hawamo, Bi Hadia. Mzazi alichimbwa wakati wa kusi, akasagwa unga. Wamekula watoto wa bara, na tumekula sisi kwenye arubaini ya mama. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha mwaka jana, nilikuwa nachezewa. Jana nimevuka nikachimba kwa mkono wangu. Nimevunja mwiko, nihukumuni kwa hilo mkitaka. Lakini msifungue vitalu vyenu mkimtegemea Mzazi, kwa sababu hayupo wa kurudisha."

Pwani nzima ikapasuka kwa kelele. Kuna aliyepiga ukunga. Kuna aliyemwita Mize mwizi, na mwengine aliuliza kwa sauti kubwa ni kiasi gani kalipwa na Bohari kwa kusi zima la kunyamaza. Mwanamke mmoja wa Mkiwani alitema mate miguuni kwake, akabeba beseni lake, akaanza kukimbia upande wa kitalu cha kwao. Wengine wakamfuata, kanga zikipepea. Mize aliwatazama wanavyokimbia na kusikia maneno ya Raya sikioni: kama nzige. Alidhani basi, imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye.

Bi Hadia alikuwa bado hajakiachia kiganja. Uso wake ulikuwa umezeeka palepale.

"Foleni isivunjike!" alipiga kelele, na sauti yake ikawarudisha nusu ya waliokuwa wanaondoka. "Mnakwenda wapi? Mwaka jana nani alisema wamo? Si tulisema sisi, kila mtu kwa kinywa chake? Basi na la leo tuliseme wenyewe. Mtu asije kesho akaniambia hakushika." Akakikaza kiganja. "Hawamo," alisema, na akakiachia.

Kisha alilishusha beseni lake kutoka kichwani, akalipindua mchangani, akalikalia. Kupindua beseni maana yake kijiji kimefunga kitalu, na aliyekalia ndiye atakayekuzuia ukijaribu kukifungua. Alikuwa amewaahidi wajukuu.

Walipita. Mmoja mmoja walikishika kile kiganja kilichokufa, wengine kwa upole, wengine kwa kucha, kila mmoja akangoja kidogo kama bado ana tamaa, kisha akasema. Hawamo. Hawamo. Wapo waliopindua mabeseni na wapo waliokwenda nayo, wala sitakudanganya kuwa wote walikuwa watu wema. Kitalu cha Mkiwani kilichokolewa siku ile ile mpaka likabaki tope. Cha Kingoje na cha Kidundo vilikaliwa.

Foleni ilipokwisha, Bi Hadia alielekeza kidole kule chini ya mnara.

"Na yule. Si mtoto wa Kazija yule? Si mwanamke wa ghuba?"

Raya alikuja. Alitembea mchanga wote ule peke yake, wanawake wakimtazama, na hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Lingekuwa jambo jepesi zaidi kwake kutukanwa. Alisimama mbele ya dada yake. Mize alinyoosha mkono. Raya alikishika kiganja, na vidole vyake vilikuwa baridi kuliko hicho kilichokufa.

"Sema," Mize alimwambia.

"Dada, mbegu za kusini zikifika..."

"Sema walichosema wenzako."

"Hawamo."

Wanawake waliguna. Mize hakuutoa mkono.

"Na mama?"

Hapo Raya alijaribu kuvuta vidole vyake, na Mize akavizuia, kwa nguvu ya mtu aliyechokoa kombe tangu utotoni. Machozi yalikuwa yanamtoka Raya mpaka kidevuni, na Mize aliyaona, na akaona kuwa ni ya kweli, na hayakumsaidia kitu.

"Na mama, Raya? Yumo?"

"Hayumo," alisema Raya.

Mize akamwachia. Akaenda kulichukua beseni lake, akalipindue kando ya la Bi Hadia.